Idhini Isiyo na Mtoaji: Uhakiki wa Lugha ya Ruhusa katika Upimaji wa Ulinzi wa Kompyuta

Uhakiki katika Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Maandishi ya kazi, yaani mikataba, vibali na barua za utumishi, huachiwa wanasheria, kana kwamba lugha iliyomo ndani yake si lugha. Katika makala hii tunakusudia kuhakiki hati ya aina moja ambayo bado haijapata msomaji wake: hati inayompa fundi wa kompyuta idhini ya kuishambulia mitambo ya mteja wake, kwa makusudi na kwa malipo, ili ionekane kama ulinzi wake unafaa. Fundi huyo hutumia mbinu zilezile za mwizi. Kinachomtenganisha na mwizi si mbinu, wala si moyo wake, bali ni karatasi. Karatasi ikiandikwa vibaya, fundi aweza kwenda gerezani. Kwa hiyo tunaona kuwa yafaa isomwe kwa uangalifu uleule tunaoutumia kusoma ubeti.

Msomaji aweza kuuliza Uvira ina nini na mambo hayo. Jibu liko katika historia ya karibuni ya mji wenyewe. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabeba nyumba na watu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika mitaa ya pwani. Mnamo Februari 2025, Bukavu ilipotekwa na M23, ofisi za serikali ya mkoa zilihamia Uvira, na mwezi Desemba mwaka huohuo Uvira nayo ikatekwa. Katika mji wa namna hiyo, kabati la makaratasi si mahali pa kutunzia kumbukumbu. Shirika au zahanati yenye busara huziweka mbali, katika kompyuta zilizoko Cape Town au Ulaya, zinazofikiwa kwa intaneti na kulipiwa kodi kila mwezi. Mpango huo ndio unaoitwa wingu. Na pale kumbukumbu zinapowekwa, hapana budi mtu apime kama mlango umefungwa.

Tuchukue sentensi ya mfano, ambayo tumeitunga wenyewe kwa kufuata mtindo wa barua za ofisi za huku kwetu: “Fundi ameruhusiwa kuingia katika mitambo ya shirika na kufanya jaribio la kupenya katika wingu kuanzia Jumatatu.” Kisarufi sentensi hii haina kosa. Mwalimu wa darasa la sita angeipa alama zote. Hata hivyo, karibu kila neno lake ni mtego, na tutayapitia moja baada ya jingine, ingawa si kwa mpangilio wake.

Tuanze na “ameruhusiwa”. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili humruhusu mwandishi kumwacha mtenda nje ya sentensi bila kuvunja kanuni yoyote. Lugha ya ofisi huipenda kauli hiyo kwa sababu humficha mkubwa: “imeamuliwa”, “mnatangaziwa”, “imekatazwa”. Katika tangazo la kufagia soko hasara yake ni ndogo. Katika hati ya idhini, mtenda ndiye hati yenyewe. Ameruhusiwa na nani? Na huyo aliyeruhusu, alikuwa na nini mkononi hata aweze kuruhusu?

Kamusi zetu huyaweka pamoja maneno ruhusa, idhini, kibali na ridhaa kana kwamba ni ndugu mapacha. Yote manne yana asili ya Kiarabu, na yote huweza kufasiriwa kwa neno moja la Kifaransa. Lakini matumizi ya wasemaji yanayatenga. Ruhusa ni neno pana: mtoto huomba ruhusa ya kwenda kuogelea, mgonjwa hupewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Ridhaa ni hali ya moyo. Bibi harusi huulizwa ridhaa yake, na akinyamaza, wapo wanaosema kuwa ametoa. Kibali aghalabu ni karatasi: kibali cha kuvua, kibali cha kujenga. Idhini, kwa maoni yetu, ina sharti ambalo ruhusa haina, nalo ni mamlaka. Jirani aweza kukupa ruhusa ya kupita uani kwake. Hawezi kukuidhinisha kupita uani kwa mtu mwingine. Tofauti hii haijakazwa vya kutosha katika maandishi yetu, na sheria mpya za kompyuta zinaidai kwa nguvu.

Tuzitazame sheria hizo kidogo. Uingereza ilitunga yake mwaka 1990, na mtindo wake ukaenea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inasema kuwa mtu ameingia katika mfumo bila idhini ikiwa yeye mwenyewe hana haki ya kudhibiti uingiaji wa namna hiyo, au kama hana ridhaa ya mtu mwenye haki hiyo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 5,000,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Tanzania, katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ilichagua njia nyingine: inamkataza mtu kuingia “kwa makusudi na kinyume cha sheria”, na faini yake huanzia shilingi 3,000,000, au kifungo kisichopungua mwaka 1. Kwetu Kongo inatawala Kanuni ya Sekta ya Dijitali, iliyowekwa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Nakala iliyoko mezani petu ni ya Kifaransa, ingawa ibara ya 142 ya Katiba ya mwaka 2006 inaitaka serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, katika muda wa siku 60 tangu kutangazwa.

Mfasiri atakayeitimiza kazi hiyo siku moja atakutana na mtego wa kwanza mapema. Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001, ambao ni chimbuko la lugha nyingi za sheria hizi, husema kwa Kifaransa “sans droit”. Mkono wa mfasiri utakimbilia “bila haki”. Lakini katika Kiswahili, haki imebeba mambo mawili: stahili ya mtu, na uadilifu. “Alihukumiwa bila haki” maana yake alidhulumiwa. “Aliingia bila haki” itasikika kana kwamba kuingia kwake kulikuwa dhuluma, na fundi ambaye nia yake ni njema ataona kuwa kifungu hicho hakimhusu. Kinamhusu sana. Mwaka 2005 mahakama moja ya London ilimtia hatiani mtaalamu wa usalama wa kompyuta aliyeijaribu tovuti ya michango ya wahanga wa tsunami, akisema kuwa alikuwa na shaka kama tovuti hiyo ni ya kweli. Alitozwa faini ya pauni 400 pamoja na gharama za kesi. Hakuiba kitu. Lililokosekana lilikuwa idhini, wala si uadilifu. Kwa hiyo tungependekeza “bila kuidhinishwa na mwenye mamlaka”, ingawa ni refu, na ingawa wapenda ufupi watanung’unika.

Jaribio au upimaji?

Neno baya kuliko yote katika sentensi yetu ni “jaribio la kupenya”. Istilahi hii imekwisha kuonekana katika maandishi mengi yaliyotafsiriwa, na aliyeiunda alilitafsiri kila neno kivyake bila kutazama yanapokutana huzaa nini. Nomino “jaribio” katika Kiswahili ina maana mbili. Yako majaribio ya maabara na majaribio ya shule, ambapo kitu hupimwa. Na liko jaribio la kuiba, jaribio la kuua, jaribio la kutoroka, ambapo mtu amekusudia tendo na hakulimaliza. Kinachoamua ni neno linalofuata: “jaribio” likifuatwa na kitenzi chenye sura ya uhalifu, msikilizaji hupata maana ya pili bila kusita. “Kupenya” ni kitenzi cha namna hiyo. Mwizi hupenya, askari wa adui hupenya, magendo hupenya.

Sasa mpe karatasi hiyo mpelelezi wa polisi ambaye hajawahi kusikia habari za taaluma hii. Atasoma kwamba fundi alikuwa akifanya jaribio la kupenya katika mitambo, na ataiona karatasi kuwa ni ungamo lililotiwa sahihi. Sheria ya Tanzania tuliyoitaja huadhibu pia kujaribu kutenda kosa, wala haisubiri kosa litimie. Twaweza kusema kuwa hapa istilahi imemshtaki mtu kabla ya mwendesha mashtaka.

Tiba yake haiko mbali. Kiswahili kina “kupima”, kitenzi kisicho na doa: daktari hupima damu, mpimaji hupima kiwanja, na wote wawili huingia mahali pasipo pao kwa sababu wameitwa. Kina pia kauli ya kutendeka, ambayo huhamisha mkazo kutoka kwa mtenda hadi kwa sifa ya kitu: ukuta hupenyeka, mlango hufungika. “Upimaji wa upenyekaji” ungesema kwa usahihi kwamba kinachochunguzwa ni udhaifu wa ukuta, wala si ushujaa wa mpenyaji. Tunakiri kuwa neno hilo ni zito mdomoni. “Upimaji wa ulinzi” ni jepesi zaidi na fundi wa mtaani atalikubali kwa urahisi. Kosa lake ni kuwa pana mno, maana aweza kupima ulinzi kwa kusoma tu orodha ya nywila bila kugusa mlango. Kwa hati ya sheria tungechagua la kwanza, na kwa mazungumzo la pili. Kuhusu “mdukuzi mwema”, ambalo nalo linavuma, tusipoteze wino: hakuna hakimu atakayevuka neno la kwanza afike la pili.

Wingu ni nyumba ya nani?

Tuje kwenye “mitambo ya shirika”. Kiunganifu -a cha uhusiano ni chombo cha ajabu katika lugha za Kibantu, na ni mvivu vilevile. “Nyumba ya mwalimu” yaweza kuwa nyumba aliyoijenga, aliyoipanga, anamolala wiki hii tu, au ile ambayo serikali humjengea kila mwalimu. Katika maisha ya kila siku muktadha hutuokoa. Katika wingu, muktadha haupo. Shirika likisema “seva yetu”, chuma chenyewe ni mali ya kampuni ya kigeni. Akaunti huenda ilifunguliwa na makao makuu Kinshasa au Geneva. Anayelipa ni mfadhili. Data ni ya wagonjwa. Na mkuu wa ofisi ya Uvira, ambaye ndiye atakayetia sahihi, amepewa nywila tu. Wote hao wamo ndani ya herufi mbili za “ya”.

Neno “wingu” linazidisha tatizo. Wingu halina mwenyewe. Hupita juu ya Uvira asubuhi likanyesha Burundi jioni, na hakuna mtu aliyewahi kuliomba kibali. Wenye lugha zao walilichagua neno hilo kwa sababu za biashara, na sisi tukalipokea kama lilivyo. Laiti tungeutazama mpango wenyewe tungeona kuwa tunaufahamu kwa muda mrefu: ni kiwanja kimoja chenye vyumba vingi vya kupanga, ambacho watu wa Kasenga na Kalundu hukiita kwa jina la Kifaransa, parcelle. Mwenye kiwanja anamiliki kuta, paa na lango. Mpangaji anamiliki vitu vyake na ana haki ya mlango wa chumba chake. Mpangaji akimwita seremala aupime mlango wake kama waweza kusukumwa, ni sawa. Seremala akipima ukuta wa pamoja, amemgusa mwenye nyumba. Akipima mlango wa pili, amemgusa jirani, ambaye hajui hata kama pana seremala uani.

Kampuni zenye viwanja hivyo zinajua jambo hilo, na zimeliandika. Microsoft iliacha kudai maombi ya awali mwezi Juni 2017. Amazon, ambayo vituo vyake vya Cape Town vilifunguliwa mwaka 2020, iliacha mwaka 2019 kwa huduma ilizozitaja kwa majina. Mafundi wengi waliposikia habari hizo walifasiri kuwa “Amazon imeruhusu”. Hapa kuna kosa la kufasiri tendo la usemi. Mwenye nyumba akisema “sitakuuliza ukimwita seremala”, hajampa seremala idhini. Ameondoa pingamizi lake yeye tu. Idhini bado yapaswa kutoka kwa mpangaji, na pingamizi la jirani liko palepale. Isitoshe, kampuni hizo zimebakiza makatazo, mojawapo likiwa kuimiminia huduma maombi mengi hadi izimike, kwa sababu chumba kimoja kikiungua parcelle nzima hupata moshi.

Tena si kila upangaji ni sawa. Yuko anayepanga chumba kitupu akaweka kila kitu mwenyewe. Huyo ana mengi ya kuidhinisha. Yuko anayekula kwenye mgahawa, yaani anatumia programu nzima iliyokwisha kupikwa, kama vile barua pepe; huyo hana mamlaka ya kumkaribisha mtu jikoni. Neno letu moja, wingu, huwafunika wote wawili, na hati inayosema “katika wingu” imesema kidogo kuliko ile inayosema “mjini”.

Kwamba mambo haya si hofu ya mwanaisimu asiye na kazi, kuna kisa cha Marekani kinachothibitisha, nacho hakikuhusu hata wingu bali jengo la mawe. Mwezi Septemba 2019 wapimaji wawili wa kampuni iitwayo Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama ya wilaya ya Dallas, katika jimbo la Iowa. Walikuwa na mkataba na idara ya mahakama ya jimbo, na walikuwa na barua mfukoni. Polisi wa kwanza waliofika walipiga simu kwa majina yaliyotajwa, wakaridhika. Kisha akafika mkuu wa polisi wa wilaya, akasema kuwa jengo ni la wilaya, na jimbo halina mamlaka ya kumruhusu mtu kulivunja. Wakalala rumande. Mashtaka hayakufutwa hadi Januari 2020. Hati zenyewe, zilipokuja kusomwa kwa makini, zilionekana kugongana kuhusu saa ambazo kazi iliruhusiwa. Kwa maneno mengine, hati ile ilikuwa na kasoro mbili: mtoaji wa idhini hakuwa na uhakika wa anachokitoa, na mipaka haikuandikwa mara moja kwa sauti moja. Jimbo na wilaya walitumia mahakama moja. “Mahakama ya jimbo” na “mahakama ya wilaya” yalikuwa jengo lilelile. Ni “ya” ileile.

Kuhusu “kuingia katika”, tuna neno moja tu la kusema, nalo ni la kuitetea lahaja yetu. Kiswahili sanifu cha maofisini kimeacha kwa kiasi kikubwa tofauti za mahali na kuegemea “katika” na “kwenye” kwa kila jambo. Kiswahili cha Uvira husema “ku mulango” na “mu nyumba”, na husema “pa” kinapotaka mahali mahususi. Walimu huyasahihisha hayo kwa kalamu nyekundu. Lakini mpimaji anahitaji hasa tofauti hiyo: amepewa kazi ya kufika mlangoni pa mfumo, au ya kuzungukazunguka kwake, au ya kuingia ndani mwake? Sarufi sanifu nayo ina pa-, ku- na m-. Ni waandishi wa hati waliozisahau. Hapa msemaji wa mtaani ana usahihi kumshinda karani.

Saa ngapi, ya wapi?

“Kuanzia Jumatatu” ina mwanzo, haina mwisho. Sheria ya Tanzania ya 2015 imetenga kosa la pekee kwa mtu anayebaki katika mfumo wa kompyuta baada ya muda aliopewa kwisha. Aliyeingia kihalali siku ya Jumatatu aweza kuwa mhalifu siku ya Ijumaa bila kusogeza kidole. Hati isiyotaja siku ya mwisho inamwachia mwendesha mashtaka aichague.

Na tukitaja saa, ni saa ipi? Tatizo hili ni la pwani yetu hasa. Uvira hutumia saa moja na Bujumbura. Kinshasa iko nyuma kwa saa 1. Kigoma, iliyo kwenye ziwa hilihili, iko mbele kwa saa 1. Kompyuta za wingu zenyewe huandika kumbukumbu zao kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Uvira kwa saa 2. Juu ya hayo, Waswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na magharibi, ilhali barua ya Kifaransa huhesabu tangu usiku wa manane. Mkurugenzi akiandika “saa nne usiku”, fundi wa Uvira ataanza saa 22:00. Karani wa makao makuu, akitafsiri herufi kwa herufi, ataandika saa 04:00. Na kumbukumbu ya seva itaonyesha 20:00. Mtu wa nne, hakimu, ataona watu watatu wanaodanganyana. Kwa hati hizi tunashauri tarakimu za saa 24 na jina la mji, hata kama sikio la mshairi litaumia.

Mipaka ya nchi inaongeza la kwake. Mvuvi anayetoka Kalundu usiku haoni mstari majini, anaujua akikamatwa. Ziwa hili limegawanywa baina ya nchi nne, zilizotia sahihi mkataba wa pamoja wa kulitunza huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na bado kila moja ina kibali chake. Fundi aliyeketi Kavimvira, ambaye simu yake huweza kushika mawimbi ya Burundi, yuko katika hali hiyohiyo: mwili wake uko Kongo, njia yake inapita kwenye nchi yenye sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2022, na kitu anachokigusa kiko Afrika Kusini. Hati njema humtaja alipoketi pia.

Wapo wenzetu wanaosema kuwa mambo haya yote yanaonyesha kwamba Kiswahili hakijawa tayari kwa sheria ya kompyuta, na kwamba hati ziachwe kwa Kifaransa. Hatukubaliani nao. Kwanza, fundi kijana anayetia sahihi Kifaransa anachokisoma nusu yuko hatarini zaidi. Pili, tangu mwaka 2021 Tanzania imeweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake, na Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mteja wa Kigoma na fundi wa Uvira wataandikiana kwa lugha gani? Tatu, na hili ndilo kubwa, kielelezo kizuri cha hati ya mipaka tunacho mkononi kila siku.

Kielelezo hicho ni ile karatasi tunayoiita “ordre de mission”. Hakuna mtumishi anayesafiri kutoka Uvira kwenda Baraka au Fizi bila hiyo. Humtaja mtoaji na cheo chake. Humtaja mchukuzi kwa jina na kazi. Hutaja njia, kituo baada ya kituo. Hutaja shabaha ya safari, chombo cha usafiri, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Kila afikapo hugongwa muhuri. Na mwishoni, kwa ustadi ambao hatujauona katika mikataba ya kompyuta, hugeuka na kusema na mtu wa tatu: huwaomba wakuu wa kiraia na wa kijeshi wampe mchukuzi msaada. Karatasi hiyo inajua kuwa itasomwa kizuizini, na mtu mwenye bunduki ambaye hakuhudhuria kikao cha kuiandika. Hati ya mpimaji yapaswa kuijua hadhira hiyohiyo. Barua ya Iowa ilisomwa na mtu wa namna hiyo usiku wa manane.

Kwa hiyo sentensi yetu yaweza kuandikwa upya hivi: “Mimi, mkurugenzi wa shirika, mwenye mamlaka juu ya akaunti iliyotajwa hapa chini ambayo tumeikodi kwa Amazon, ninamwidhinisha fulani, na huyo peke yake, apime upenyekaji wa seva tatu zilizoorodheshwa, kuanzia tarehe 3 saa 20:00 hadi tarehe 7 saa 04:00 kwa saa za Uvira. Asiguse seva nyingine yoyote, wala asiizimishe huduma. Akikuta data isiyo yetu, asimame, asinakili, anijulishe mara moja. Nikiondoka katika cheo hiki, idhini hii imekwisha.”

Tazama kitenzi “ninamwidhinisha”. Katika neno moja tumepata mtoaji (ni-), mpokeaji (-mw-) na tendo. Sentensi ya kwanza ilitumia maneno kumi na sita kuwaficha wote. Tazama pia dhamira tegemezi ya “apime” na ukanushi wa “asiguse”: Kiswahili hutofautisha agizo na taarifa kwa irabu moja ya mwisho. Kifungu cha mwisho kimetokana na mwaka 2025. Ofisi zilipohama, mihuri ilibaki, wakurugenzi wakatawanyika, na data ikaendelea kukaa palepale mbali ilikowekwa. Aliyebaki na nywila hakuwa lazima awe aliyebaki na mamlaka, na idhini iliyofungwa kwenye jina la mtu bila kufungwa kwenye cheo chake ingeweza kupita kutoka mkono hadi mkono kama noti.

Linabaki jambo moja ambalo sentensi hii mpya haijalimaliza. Mkurugenzi ana mamlaka juu ya akaunti. Je, mgonjwa ambaye jina lake limo ndani? Kenya ilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na Kanuni yetu ya 2023 nayo ina sehemu juu ya jambo hilo, lakini jina la Kiswahili la mtu huyo halijatulia. “Mwenye data” linarudisha tatizo la umilikaji tulilokwisha kulilalamikia. “Mlengwa” linamgeuza shabaha, na katika hati ya upimaji kuna shabaha za kutosha. “Mhusika” linatufaa zaidi, ingawa wasomaji wa jarida hili watalikumbuka kutoka kwenye riwaya, ambako mhusika huundwa na mwandishi na hufanya anachoagizwa.